Alikubali Mwenyewe: Juu ya Mshahara wa Haki

Katika katekismu zimehesabiwa dhambi nne ambazo kilio chake chapanda mpaka mbinguni, na mojawapo ni kumnyima mfanyakazi mshahara wake. Mkatekumeni aliyeishika hesabu hiyo kwa moyo mara nyingi hushangaa. Kuua mtu kwa kusudi, hilo aelewa kwa nini lawekwa hapo, kwa maana tangu siku ya Abeli damu hulia toka ardhini. Lakini fedha chache za mtu aliyelima siku mbili? Je, hilo si deni tu, kama madeni mengine?

Maandiko Matakatifu hayaoni hivyo. Yoshua bin Sira afundisha kwamba chakula cha maskini ndicho uhai wake, naye amwekaye kibarua bila ujira amhesabu pamoja na wamwagao damu. Mtume Yakobo awaonya matajiri kwamba ujira waliouzuia hautulii kimya katika sanduku lao: wapiga kelele, na Mungu asikia. Na Sheria ya Musa haikungoja hata mwisho wa juma. Yaagiza maskini alipwe siku ile ile, kabla jua halijachwa, kwa sababu moyo wake wote wautazamia ujira huo. Sababu hiyo yafaa kufikiriwa. Tajiri akichelewesha malipo siku tatu, kwake hakuna kilichopungua. Kwa kibarua, siku tatu ni jioni tatu ambazo chungu hakikuwekwa motoni. Kuchelewesha kwenyewe kwaweza kuwa wizi.

Mpaka hapa hakuna ubishi. Hata mtu asiyejua Injili ajua kwamba aliyefanya kazi apaswa kulipwa. Ugumu waanza kwa mtu mwingine: yule aliyelipa, akalipa kwa wakati, akalipa yote yaliyopatanwa. Alimwambia kibarua: «Nitakupa kiasi hiki.» Kibarua akajibu: «Ndiyo, bwana.» Kazi ikaisha, fedha zikatolewa. Lakini kiasi chenyewe kilikuwa kidogo mno, chakula cha mtu mmoja kwa siku moja, na kibarua ana mke na watoto watano. Tajiri akiulizwa ana jibu tayari: «Alikubali mwenyewe. Sikumshika kwa nguvu. Angeweza kukataa.» Je, mtu huyo ana dhambi?

Wengi husema hana. Tena wapo wanaoitegemeza hoja yao juu ya Injili yenyewe, juu ya mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mateo Mtakatifu. Wale walioanza kazi asubuhi walipatana dinari moja. Jioni wakanung'unika, na mwenye shamba akawakumbusha mapatano yao. Basi, husema watu hao, hata katika Injili neno ni mapatano, aliyepatana asinung'unike.

Wanaosema hivyo wameusoma mfano nusu. Dinari ilikuwa ujira wa kawaida wa siku nzima, wa kumtosha mtu wa kazi na nyumba yake. Mwenye shamba hakuanza kwa kuwapunja. Kisha, wale aliowachukua saa tatu hakupatana nao kiasi chochote. Aliwaahidi kuwapa kilicho haki. Kumbe iko haki iliyo nje ya mapatano, na mwenye shamba aliijua! Na wale wa saa ya mwisho, waliokuwa wamesimama sokoni mchana kutwa, hawakusimama kwa uvivu. Walisimama kwa sababu hakuna mtu aliyewaajiri. Saa moja tu walifanya kazi, lakini nyumbani mwao midomo ya kulishwa ilikuwa ile ile, na mwenye shamba akawapa dinari nzima. Katika mfano huo wote mapatano yalivukwa upande mmoja tu, upande wa kuzidisha. Hakuna mahali popote ambapo Bwana wetu amsifu mtu aliyetumia mapatano ili apate kutoa kidogo.

Basi yafaa kuchungua hilo neno «alikubali» lina maana gani. Mtu avuka ziwa Tanganyika. Upepo wainuka, mtumbwi wake wapinduka, naye ashikilia ubao katikati ya maji. Mwenye mtumbwi mwingine afika, asimama mbali kidogo, asema: «Nitakutoa, lakini mbuzi wako wote wawe wangu, na shamba lako pia.» Yule aliye majini akubali. Angefanya nini? Siku ya tatu mwenye mtumbwi aja kijijini kudai mbuzi na shamba, na kuapa kwamba mapatano yalikuwapo, na kweli yalikuwapo. Je, ni mzee gani katika baraza atakayeyathibitisha? Wazee watasema: huyu hakukubali, huyu alikuwa anazama. Watamshukuru mwokozi, watampa mbuzi mmoja au wawili kwa taabu yake, na kumfukuza pamoja na madai yake.

Njaa nayo ni maji. Mtu ambaye watoto wake hawakula tangu jana asubuhi, akiambiwa «chukua hiki au nenda», neno lake la kukubali lina uzito gani? Baba Mtakatifu Leo wa XIII alilijibu swali hilo waziwazi katika barua yake Rerum Novarum, aliyoitoa tarehe 15 Mei 1891, wakati wafanyakazi wa Ulaya walipokuwa wakisagwa viwandani. Alifundisha kwamba tajiri na mfanyakazi waweza kupatana kwa hiari, lakini chini ya mapatano yao iko haki ya maumbile, nayo ni ya zamani kuliko mapatano yoyote: mshahara usikose kumtosha mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Na kama mtu, kwa kusukumwa na uhitaji au kwa kuogopa baya zaidi, akubali masharti mazito kuliko hayo, huyo ametendewa jeuri. Fimbo haikuonekana, lakini jeuri ilikuwapo.

Kwa hiyo jibu la «alikubali mwenyewe» halimtoi mtu hatiani. Labda lamwingiza zaidi, kwa maana laonyesha kwamba alijua jinsi mwenzake alivyobanwa, akatumia kubanwa kwake kama chombo cha faida.

Lakini kipimo ni nini, ikiwa mapatano si kipimo? Baba Mtakatifu Pio wa XI, katika barua yake ya mwaka 1931, alisema kwamba mshahara wa baba yapasa uitosheleze nyumba yake. Tena akaongeza kwamba hali ya kazi yenyewe iangaliwe pia, kwa sababu kampuni ikivunjika wote hukosa. Sheria kuu ya nchi ya Kongo, ile ya tarehe 18 Februari 2006, yasema jambo lililo karibu na hilo katika fungu la 36: mfanyakazi apate malipo ya haki yatakayompa yeye na jamaa yake maisha yanayolingana na heshima ya mwanadamu. Kanisa na sheria ya nchi vyakutana hapo. Kipimo si tumbo la mtu mmoja. Ni nyumba: chakula, nguo, dawa, karo ya mtoto, na akiba ndogo ya siku ya ugonjwa. Na kama tajiri asema kwamba hawezi, huenda ni kweli. Mavuno hupotea, bei za madini hushuka, barabara hukatika. Lakini mtu anayesema «siwezi» na aonyeshe daftari lake. Tajiri anayelificha daftari lake huku akinunua gari jipya hawezi kutaka aaminiwe.

Saa za kazi zina sheria ile ile. Mungu alipoiamuru siku ya pumziko hakuiamuru kwa mwenye nyumba peke yake. Alimtaja mtumwa na mjakazi, akamtaja mgeni akaaye mjini, akamtaja hata ng'ombe na punda. Na katika Kumbukumbu la Torati akatoa sababu, kwamba Waisraeli walikuwa watumwa kule Misri na Bwana akawatoa. Anayejua utumwa ulivyo asimfanye mwingine mtumwa. Kule Misri, Farao alipoombwa siku tatu ili watu wakamwabudu Mungu wao, aliwaita wavivu, akawanyima majani ya kufyatulia matofali, na hesabu ya matofali ikabaki ile ile. Neno «wavivu» halijazeeka. Wakoloni waliliandika katika taarifa zao juu ya watu ambao siku hizo hizo walilazimishwa kulima pamba na kutengeneza barabara kwa fimbo, na hata leo mlinzi wa usiku anayeomba usiku mmoja wa kulala kwake hulisikia.

Shirika la Kazi la Kimataifa liliundwa mwaka 1919, na mapatano yake ya kwanza kabisa yalihusu jambo hilo: kazi ya viwandani isipite saa 8 kwa siku na saa 48 kwa juma. Sheria ya kazi ya Kongo, iliyotolewa tarehe 16 Oktoba 2002, yaweka saa 9 kwa siku na 45 kwa juma. Zikipita hapo, saa hizo za ziada zina malipo yake. Tajiri ananunua kazi ya mtu, hamnunui mtu. Baba anayetoka nyumbani watoto wamelala na kurudi wamelala tena, ni nani atakayewafundisha watoto wake Baba Yetu? Tena jambo moja husahauliwa: mshahara mdogo hurefusha saa. Mtu asiyeshibishwa na kazi ya mchana hutafuta kazi ya usiku, na Dominika huiuza pia. Kumlaumu mtu wa namna hiyo kwamba haonekani Misani, bila kuuliza analipwa kiasi gani, ni kuangalia moshi na kuacha moto.

Hata hivyo, kujua haki si kuipata. Kibarua mmoja akienda mbele ya meza ya tajiri, amesimama pale na njaa yake. Tajiri aweza kungoja mwezi mzima bila kibarua huyo. Kibarua hawezi kungoja mpaka kesho kutwa. Ndiyo maana hawasemezani kama watu wawili walio sawa, hata kama wote wawili ni wema. Lakini vibarua mia wakiingia pamoja kwa mdomo wa wajumbe wao, tajiri naye hawezi kungoja mwezi. Hapo ndipo «ndiyo» yao yawa ndiyo kweli, kwa sababu wangeweza kusema «hapana». Basi chama cha wafanyakazi, ndicho kiitwacho sendika, hakikuja kuharibu mapatano. Kimekuja kuyafanya yawe mapatano. Leo wa XIII alikwisha kutetea vyama hivyo mwaka 1891, na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, ukahesabu kuunda vyama vya wafanyakazi kuwa miongoni mwa haki za msingi za mwanadamu.

Nchi ya Kongo ililipa damu kwa somo hilo. Katika vita kuu ya pili bei za vitu zilipanda, na wafanyakazi weusi wa Union Minière huko Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi, waliomba waongezewe mshahara. Sheria ya wakoloni haikuwaruhusu kuwa na chama. Kwa hiyo hapakuwa na meza wala wajumbe waliotambuliwa, palikuwa na umati tu. Mwezi wa Desemba 1941 walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakafyatua risasi, na makumi ya watu wakauawa, mmoja wao Léonard Mpoyi, aliyekuwa msemaji wao. Watu hao hawakuwa wameua wala kuiba. Walikuwa wamesema «hapana» pamoja.

Mwaka 1946 serikali ya wakoloni ikaruhusu sendika za Waafrika, lakini chini ya ulinzi mkali wa watawala. Baadaye wafanyakazi Wakristu wakawa na chama chao, Union des Travailleurs Congolais, ambacho kiongozi wake alikuwa André Boboliko. Kisha mwaka 1967, katika utawala wa Mobutu, sendika zote zikaunganishwa kuwa moja, na hiyo moja ikawekwa chini ya kwapa la chama kilichotawala nchi. Umoja wa namna hiyo wapendeza ukionekana kwa mbali, lakini sendika isiyoweza kusema «hapana» kwa serikali haiwezi kumsemea mwalimu wala karani ambaye tajiri wake ni serikali hiyo hiyo. Tangu mwaka 1990 mlango ulifunguliwa tena, na leo sendika ni nyingi, hata nyingi mno. Nyingine zina makao, muhuri na rais, zikakosa wanachama. Nyingine hulishwa na tajiri kwa siri. Mfanyakazi mwenye akili huuliza kabla ya kutoa mchango wake: wajumbe walichaguliwa lini, na nani, na hesabu za fedha zilisomwa mbele ya nani? Kiongozi wa sendika anayekula michango ya wenzake hana udhuru mbele ya Mtume Yakobo, kwa kuwa fedha alizokula zilikatwa katika ujira ule ule.

Juu ya mgomo Wakristu wengi wana shaka. Mtaguso ulikubali kwamba mgomo waweza kuwa wa lazima kwa kutetea haki, lakini uwe njia ya mwisho, baada ya kusemezana kushindikana. Mgonjwa asiachwe afe kitandani kwa sababu ya mgomo, wala asipigwe yule asiyegoma. Hayo ni mafundisho yaliyo wazi. Lakini kuna wanaoyakumbuka mafundisho hayo siku ya mgomo tu, na miezi kumi ambayo mshahara haukuonekana hawakukumbuka kitu. Hao husema pia kwamba Mkristu hapaswi kudai, apaswa kutii, na kumtaja Paulo Mtakatifu aliyewaagiza watumishi kuwatii mabwana zao. Ni kweli Paulo aliandika hivyo kwa Wakolosai. Wangeendelea kusoma mistari michache tu, wangekuta neno lake kwa mabwana: wawape watumishi yaliyo haki na sawa, wakijua kwamba nao wana Bwana mbinguni. Utii una mpaka wake, na haki ina wenyewe. Mtu aweza kusamehe kofi alilopigwa yeye. Hana ruhusa ya kusamehe, kwa kukaa kimya, chakula cha watoto wake na cha wenzake. Naye anayedai ujira wa haki atoe kazi ya haki, asiibe saa wala vyombo. Hilo halihitaji maneno mengi, kwa sababu matajiri hulisema kila siku.

Wala Kanisa lenyewe halikai nje ya sheria hii. Sinodi ya maaskofu iliyokutana Roma mwaka 1971 ilikubali kwamba anayethubutu kuwahubiri watu haki yapasa kwanza awe mwenye haki machoni pao, nao wanaolitumikia Kanisa kwa kazi zao wapate riziki ya kutosha. Neno hilo lamhusu mpishi wa misioni, mfua nguo, mlinzi, fundi seremala na mwalimu. «Afanya kazi kwa ajili ya Mungu» ni sifa nzuri ikisemwa na mfanyakazi mwenyewe juu ya nafsi yake. Ikisemwa na yule ambaye apaswa kumlipa, imekuwa udhuru. Walimu wa shule za msingi walilionja jambo hilo kwa muda mrefu. Serikali ilipoacha kuwalipa inavyopasa, tangu mwaka 1992 ni wazazi waliotoa fedha ili walimu wabaki darasani. Deni la serikali likawekwa kichwani mwa mama auzaye mihogo sokoni. Mwaka 2019 elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, wazazi walipumua, na ilikuwa haki wapumue. Lakini walimu wengi hawakuwamo katika orodha ya malipo ya serikali, na hao waliamka asubuhi bila mshahara wala mchango. Katika mambo hayo sendika za walimu, hata ile ya shule za Kikatoliki, zilidai kitu kilicho haki ya wazi, na mzazi aliyewaona wagomaji kuwa adui zake alikosea mlango.

Mkatekumeni wa kijijini huenda akafikiri kwamba mambo haya ni ya mjini, ya migodi na ya maofisi. Yeye hana tajiri. Ana jembe lake. Lakini na aangalie vema mwezi wa kulima. Vijiji vingi vya mashariki vimepokea watu waliokimbia vita, mama wengi na watoto wao, wasio na shamba wala ndugu. Mama huyo asimama mlangoni asubuhi na kuomba kazi. Mwenye shamba ajua kwamba hana pa kwenda. Ampa safu ndefu za kulima tangu mapambazuko mpaka jua la alasiri, na jioni ampa bakuli moja ya unga wa muhogo, au amwambia: «Rudi kesho kutwa.» Mwaka jana, kazi ile ile alimpa mwana wa kijiji bakuli tatu. Kwa nini mama huyu apewa moja? Amelima vibaya? La. Amepewa moja kwa sababu alikubali moja. Mtumbwi ule wa ziwani umefika kijijini, na aliye ndani yake ni mtu ambaye Dominika iliyopita alijibu vizuri maswali ya katekismu juu ya amri ya saba.

Kuna pia wanaolipa kwa pombe. Baada ya kazi watu hukalishwa, chupa ya lotoko yapitishwa, na malipo yamekwisha. Mapatano ya kimataifa ya mwaka 1949 juu ya ulinzi wa mshahara yalikataza kulipa watu kwa pombe kali, na sababu yake haihitaji mwanasheria: pombe hainyweki na watoto. Mama na watoto wake hungoja nyumbani, na ujira wao umekwisha kunywewa chini ya mti.

Tena wenye mashamba huweza kukaa pamoja na kusema: «Mwaka huu asiwepo mtu wa kuwapa hawa zaidi ya bakuli moja, wasije wakazoea.» Watu hao wamefanya sendika, hata kama hawakuiita kwa jina hilo. Basi wale mama waliokimbia vita nao wakipatana kwamba hakuna hata mmoja wao atakayelima chini ya bakuli tatu, wasiitwe wakaidi wala wasio na shukrani. Wametumia haki ile ile. Na mkatekumeni mwenye shamba ambaye awalipa tatu bila kungoja waungane, hata akichekwa na majirani kwamba aharibu bei, huyo ameuelewa mfano wa mizabibu kuliko wengi waliobatizwa zamani.

Labaki swali moja ambalo hukwepwa. Mtu aliyekwisha kulipa pungufu mwaka jana na mwaka juzi afanye nini kabla ya ubatizo? Ubatizo huondoa dhambi zote, na hilo ni imani. Lakini mbuzi aliyeibwa, maji ya ubatizo hayamfanyi kuwa mali ya mwizi. Arudishwe kwa mwenyewe. Zakayo, Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakusema kwamba watu walikubali kumlipa. Alisimama, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na kwa kila aliyemdhulumu akaahidi kurudisha mara nne. Kwa mkatekumeni hesabu yaweza kuwa ndogo zaidi. Na ahesabu siku ambazo mama yule alilima, aangalie kazi hiyo ingelipwa kiasi gani kwa mwana wa kijiji, atoe alichompa, na kilichobaki ni deni. Kama deni lapita nguvu zake kwa sasa, alipe kidogo kidogo, akipatana naye siku, na mara hii mapatano yawe ya watu wawili wanaotazamana usoni. Asimpelekee kama sadaka, na asingoje ashukuriwe, kwa sababu ampa kilicho chake.

Na kama mama amekwisha kurudi kwao, au amekimbia tena na hakuna ajuaye alipo? Baada ya kumtafuta kwa kweli, kwa kuuliza wenzake waliokuja naye, deni hilo lapewa maskini wengine. Lakini kama yungali upande wa pili wa mto, katika vibanda vile vinavyoonekana toka kilimani, basi unga huo usiletwe kanisani siku ya matoleo. Uvushwe mto.